Bi Kirembo Ashuka Barazani

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo "pakawa" ya nani? Imetoka imelegea kama uji wa mgonjwa. Watoto, nyinyi mmeitika vizuri. Nasema na hawa wakubwa walioegemea ukuta. Ketini wima, nyinyi. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, hapo nimesikia. Kale, kale ile ya nyuma kabisa, palikuwa na mwamba. Mwamba mwekundu, mrefu, umesimama peke yake katikati ya mbuga. Juu ya mwamba walikaa nyani. Chini ya mwamba alikaa Chui.

Pale palikuwa na sheria moja tu. Jua likizama, uwe juu. Aliye juu analala. Aliye chini analiwa. Basi. Haikuhitaji hakimu.

Asubuhi nyani wanashuka. Kwara, kwara, kwara, wanashuka. Wanachimba mizizi, wanageuza mawe, wanakamata panzi. Jioni wanapanda. Kwara, kwara, kwara, wanapanda. Chui anatazama juu, anaona madume yameziba njia kwa meno, anajilamba midomo, anakwenda zake.

Katika nyani hao alikuwamo mama mmoja akiitwa Bi Kirembo. Huyu mama alikuwa na mikono. Jiwe ambalo madume mawili yanalisukuma kwa kelele, yeye analigeuza peke yake, kimya. Anamwokota nge aliye chini yake, anamkata mwiba, anamtafuna. Kacha, kacha. Wenzake wakimwuliza, "Bi Kirembo, nguvu hizi unazitoa wapi?" yeye anajibu, "Kwani nyinyi zenu mnazipeleka wapi?"

Sasa nyani wale walikuwa na adabu. Adabu nyingi mno, na humo ndimo balaa lilimopitia.

Desturi yao ilikuwa hivi. Nyani akishapata kitukuu, anaketishwa. Juu kabisa ya mwamba palikuwa na jiwe bapa lenye kivuli, wakaliita Barazani. Mzee anapandishwa pale, anatandikiwa majani laini, kisha ukoo mzima unamzunguka na kumwimbia:

"Umetubeba, sasa tulia.
Umetulisha, sasa tulia.
Mkono wako usiguse chini, tulia."

Tangu siku hiyo mzee hashuki tena. Chakula analetewa. Maji analetewa kwenye jani. Mgongo ukimwasha, anakunwa. Akitaka kugeuka, anageuzwa. Na chakula chenyewe ni tini zilizoiva zikalegea, za kumeza tu, maana kumpa mzee kitu cha kutafuna ilikuwa ni kumkosea.

Na walivyojivunia sasa! Huyu anasema, "Bibi yetu hajainuka tangu mvua za vuli." Yule anadakia, "Hizo ni za juzi. Babu yetu hata mkia hajauinua mwaka wa nne huu." Huyo babu wa mkia aliitwa Mapengo. Alikuwa amekaa Barazani mpaka mapaja yake yakawa kama vijiti vya kupigia ngoma.

Ikawa mjukuu wa Bi Kirembo, jina lake Sikudhani, akajifungua. Bi Kirembo akapata kitukuu. Kesho yake akaketishwa kando ya Mapengo.

Na nisiwadanganye, alifurahi. Nani asiyefurahi? Mwezi wa kwanza alilala. Mwezi wa pili alilala tena. Mwezi wa tatu akaacha kuhesabu miezi.

Siku moja tini moja ikamponyoka. Ikabingirika, biri biri biri, ikasimama hatua mbili mbele yake. Hatua mbili tu. Bi Kirembo akasema moyoni, hii naiokota mwenyewe. Akataka kuinuka. Miguu ikakataa. Akajaribu tena. Miguu ikatetemeka, ikainua makalio kidogo, ikayaachia. Puu.

Akakaa pale pale akiutazama mkono wake. Ule mkono wa kugeuza mawe. Ngozi ilikuwa inaning'inia. Akaogopa, jamani. Bi Kirembo ambaye hakuwahi kumwogopa nge, aliuogopa mkono wake mwenyewe.

"Kwi kwi kwi," mtu akacheka kutoka kwenye ufa wa mwamba.

Alikuwa Pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe asiye na mkia. Na Pimbi huyu alikuwa ajuza kumzidi Bi Kirembo. Pua nyeupe, masikio yamechanika. Lakini alikuwa anapanda mwamba na kushuka, anapanda na kushuka, kutwa nzima.

"Unanicheka, jirani?" Bi Kirembo akauliza.

"Nakucheka," akasema Pimbi. Akaiokota ile tini, akaila yeye, akaondoka.

Kiangazi kile kikawa kikali. Chemchemi iliyokuwa chini ya mwamba ikaanza kupungua. Jumbe wa nyani, dume kubwa lenye mabega mapana na sauti nzito, akawakusanya wote.

"Chemchemi inakufa," Jumbe akasema. "Nimeyapima maji. Yatatufikisha miezi mitatu. Baada ya hapo tunahamia Mwamba Mweupe. Ni mwendo wa siku mbili."

"Na wazee wetu?" Sikudhani akauliza.

"Wazee walioketishwa hawasumbuliwi," Jumbe akajibu, tena kwa upole. "Hiyo ndiyo heshima. Tutawaachia lundo la tini, na tutawaimbia wimbo mzuri."

Nyani wakatikisa vichwa. Vyema, wakasema. Ni heshima. Wengine wakalia kidogo, kilio cha adabu. Sikudhani akalia kilio cha kweli.

Bi Kirembo hakulia. Alikuwa anakumbuka. Nyani wote pale walizaliwa juu ya Mwamba Mwekundu, ila yeye na Mapengo. Yeye alikuja akiwa mtoto, mgongoni kwa mama yake, siku ukoo ulipohama kutoka mwamba mwingine. Siku ile bibi yake aliachwa na lundo la tini. Wakamwimbia. Wakaondoka wakiimba. Mtoto Kirembo akageuka nyuma akamwona bibi yake ameinua mkono. Wote walisema bibi anaaga. Lakini mtoto alimwona usoni. Hakuwa anaaga. Alikuwa anaita, na wimbo ulikuwa na sauti kubwa.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya miti, Bi Kirembo akamwita Pimbi.

"Jirani, njoo. Nicheke kwanza, ukimaliza uniambie. Wewe ni mkubwa kwangu. Kwa nini miguu yako ipo na yangu haipo?"

"Kwa sababu mimi hakuna aliyenipenda kiasi cha kuniketisha," Pimbi akasema.

"Ni uzee huu."

"Uzee unachukua, sikatai. Mimi mwenyewe zamani nilikuwa naruka ule ufa, sasa nauzunguka. Lakini uzee unachukua kidogo kidogo, kama panya. Wewe umeufungulia ghala, ukakaa ukautazama."

"Kinarudi kilichochukuliwa?" Bi Kirembo akauliza.

"Chote, hapana. Cha kukutosha, ndiyo. Inuka."

"Siwezi."

"Shika jiwe, uinuke."

Bi Kirembo akashika jiwe. Akavuta. Magoti yakalia, ko, ko. Akapanda, akapanda, akasimama. Dunia ikazunguka. Akajiachia, puu, akaketi.

"Moja," akasema Pimbi.

Akainuka tena akishika jiwe. Akaketi.

"Mbili."

Ya tatu haikuja.

"Kesho zitakuja tatu," Pimbi akasema. "Na uache hizo tini. Tamu, ndiyo, lakini hazijengi paja. Tafuta cha kutafuna."

Asubuhi Sikudhani akaja na tini zake. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo niletee panzi. Na yai la kanga. Na nge, ukimpata mnene."

Sikudhani akatazama huku na huku. "Bibi, majirani wakikuona unamtafuna nge watasemaje? Watasema Sikudhani amemtupa bibi yake."

"Na mkiniacha hapa na Chui, watasemaje?"

Sikudhani akafungua kinywa. "Watasema... watasema ulipewa heshima."

Akajisikia mwenyewe alivyosema. Akaangua kilio, akamkumbatia bibi yake, na kesho yake akaleta panzi. Aliwaficha shavuni, kumi na wawili, na yai juu yake. Njiani akakutana na Jumbe. Jumbe akauliza, "Bibi hajambo?" Sikudhani akasema, "Mm." Jumbe akauliza, "Amelala vizuri?" Sikudhani akasema, "Mm mm." Jumbe akasema moyoni, binti huyu siku hizi ana kiburi.

Basi Bi Kirembo akala. Akainuka, akaketi. Watoto, nihesabieni. Inuka, keti. Moja. Inuka, keti. Mbili. Inuka, keti. Tatu. Siku ya pili mapaja yakamuuma mpaka akamlaani Pimbi na ukoo wake. Pimbi akamwambia, "Leo pumzika. Kesho rudia." Akapumzika. Kesho akarudia. Wiki ya tatu akaacha kushika jiwe.

Hapo ndipo Jumbe alipomwona.

"Bibi," Jumbe akasema, "unafanya nini?"

"Nainuka."

"Unatuaibisha. Ukoo mwingine ukipita hapa ukakuona unajiinua, watasema nyani wa Mwamba Mwekundu hawana malezi." Jumbe akaita madume mawili, vijana wenye nguvu. "Nyinyi, kaeni na bibi. Mmoja kulia, mmoja kushoto. Akitaka kuinuka, mshikeni mabega, mumkalishe. Polepole, kwa adabu."

Madume yakakaa. Bi Kirembo akainuka. Mikono miwili ikamshika mabega. "Pumzika, bibi," wakasema, wakamkalisha.

Bi Kirembo akamtazama Pimbi kwa huzuni. Na Pimbi, nyinyi, Pimbi alikuwa amejiviringisha chini kwa kicheko.

"Kwi kwi kwi. Jirani, huoni ulicholetewa? Nilikuwa najiuliza tutapata wapi mzigo. Wao wanasukuma chini. Wewe sukuma juu."

Bi Kirembo akatabasamu. Akainuka. "Pumzika, bibi," wakamsukuma. Akasukuma juu. Wakamkalisha. Akainuka. "Pumzika, bibi." Akasukuma. Asubuhi mara kumi, jioni mara kumi. Madume yalikuja na adabu yao kila siku, hayakukosa, maana Jumbe ameagiza. Kadiri walivyomheshimu ndivyo mapaja yalivyojaa.

Mwezi wa pili madume yakaanza kutoka jasho.

Mapengo alikuwa anayaona yote hayo. Siku moja akauliza, "Bi Kirembo, hayo mayai wanapewa wanaoinuka tu?"

"Wanaoinuka tu."

Mapengo akawaza sana. Kisha akashika jiwe. Alijaribu siku nne bila kufanikiwa. Siku ya tano akasimama, akapata yai, akalilia lile yai kama mtoto.

Miezi mitatu ikatimia. Chemchemi ikabaki tope. Jumbe akasema, leo. Nyani wakapanda Barazani na lundo la tini, wakaliweka mbele ya wazee wawili. Wakajipanga. Madume mawili yakiwa mahali pao, kulia na kushoto. Wimbo ukaanza.

"Umetubeba, sasa tulia..."

Bi Kirembo akainuka.

"Pumzika, bibi," madume yakasema, yakasukuma. Hakukaa. Yakasukuma kwa nguvu. Hakukaa. Yakamning'inia mabegani, huyu huku, yule kule. Bi Kirembo akanyoosha magoti taratibu, akasimama wima, na miguu ya madume ikawa inapepea hewani.

Wimbo ukakatika.

"Bibi," Jumbe akasema kwa sauti ndogo, "desturi inasema aliyeketishwa asisumbuliwe."

"Nani amenisumbua? Nimejisumbua mwenyewe. Washushe vijana wako, wananichafua manyoya."

"Ukishindwa njiani hatutaweza kukungoja."

"Msiningoje."

Akashuka mwamba. Kwara, kwara, kwara. Nyuma yake akashuka Mapengo na fimbo, anachechemea, anatukana kila jiwe, lakini anashuka. Nyani walisimama juu wakiwatazama wazee wao walivyotangulia. Sikudhani ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Baada yake mwamba mzima ukalia.

Siku ile ile Chui akapanda Barazani. Babu yake alimhadithia babaye, na babaye akamhadithia yeye, kwamba nyani wakihama huacha nyama imekaa. Chui akafika, akatazama. Hakuna mzee. Kuna tini. Akaonja moja. Ptuu. Akateremka na hasira, akaifuata njia ya nyani.

Nyani walitembea siku ya kwanza. Usiku wakalala juu ya migunga, na Bi Kirembo alipanda mgunga kwa mikono yake. Mapengo alisukumwa makalio na wajukuu, akapanda. Siku ya pili wakatembea tena. Jua lilipoanza kushuka wakauona Mwamba Mweupe. Na nyuma, kwenye nyasi, wakauona mgongo wa madoadoa.

"Kimbieni," Jumbe akapiga ukelele.

Wakakimbia. Mwamba ule ulikuwa na ukuta mwanzoni, laini, wenye ukingo mmoja juu. Ilibidi uruke, uushike ukingo, ujivute. Madume yakaruka, yakajivuta. Mama wakafuata. Mapengo akavutwa na watatu. Bi Kirembo akaruka, akashika, akajivuta mwenyewe.

Wa mwisho alikuwa Sikudhani na mtoto kifuani. Aliruka. Akaushika ukingo kwa mkono mmoja. Mkono ukateleza.

Bi Kirembo alikuwa ukingoni. Akamdaka kiganja. Mjukuu akaning'inia, kitukuu akaning'inia kwa mjukuu, na chini Chui akaruka, kucha zikakwaruza jiwe, krraa, shibiri moja chini ya mkia.

"Bibi, niachie, utaanguka," Sikudhani akasema.

"Tulia wewe," Bi Kirembo akasema. "Nimenyanyua madume mawili miezi yote hii. Nyinyi ni wepesi."

Akachuchumaa. Akakaza mapaja. Akainuka.

Na alipoinuka, Sikudhani akainuka naye, mtoto akainuka naye, mpaka wote watatu wakaangukia juu ya mwamba wakihema. Chui aliruka mara mbili zaidi, akachoka, akakaa chini akijilamba kucha zilizovunjika. Jua likazama. Nyani wote walikuwa juu. Wote, nasema, hakuna aliyeachwa, na tangu nyani wawe nyani haikuwahi kutokea wahame wakafika wote.

Wakaimba, wakacheza, hata Mapengo alicheza, ingawa kwa bega moja.

Kulipokucha Jumbe akamjia Bi Kirembo. Macho yalikuwa chini. "Bibi, nimezunguka mwamba huu wote. Nimepata jiwe bapa. Zuri kuliko la kule, linapata jua la asubuhi, halina upepo. Sijui tulifanyie nini. Sema wewe."

Bi Kirembo akaenda akalitazama. Akalipapasa kwa kiganja. Kweli lilikuwa zuri.

"Anikeni kumbikumbi," akasema, akashuka kwenda kuchimba mizizi.

Mpaka leo kwenye mwamba ule kumbikumbi huanikwa mahali pa heshima. Na nyani akipata kitukuu hupewa heshima mbili. Yai la kwanza ni lake. Na asubuhi, nyani wote husimama wakangoja, yeye ashuke kwanza.

Mafunzo ya ngano hii ni haya, nayasema wazi asije mtu akajifanya hakuelewa. Nguvu za mzee hazitunzwi kwa kukalishwa, zinatunzwa kwa kutumiwa. Ukimpenda bibi yako, mpe chakula cha kujenga mwili, mwache ainuke mwenyewe, na ukae karibu asianguke. Nawe uliyezeeka, wakikwambia pumzika, pumzika kidogo, kisha inuka.

Ngano yangu imetua hapo, sina ya kuongeza. Sasa tunakwenda kulala. Nyinyi wa ukutani, inukeni. Bila kushika ukuta. Nawaona.